Wekundu wa ng'onda

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na harufu ya chumvi, wala sikuziagiza. Ya kwanza, ya ng'onda, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida ya safu hii, kwa sababu jambo lenyewe lilipita nyumbani kwetu nikiwa mtoto na mpaka leo linaniuma.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza ng'onda na papa mkavu hapa Tanga. Tangu masika yaanze, kila nikifungua gunia nakuta samaki wana mabaka mekundu, kama waliopakwa rangi ya midomo. Mengine yanateleza ukiyagusa. Chumvi natia ya kutosha, sifanyi ubahili. Shoga yangu ananiambia niwaoshe kwa ndimu niwaanike upya, mteja hatajua. Mwingine anasema ni damu haikutoka vizuri. Je, ni sumu? Na chumvi si ndiyo inayoua vijidudu? — Muuza ng'onda, Tanga

Marahaba mwanangu. Nianze na unalotaka kulijua upesi: si damu, na wekundu wenyewe haujulikani kumdhuru mtu. Lakini samaki huyo usimuuze. Yote mawili nitakueleza, nivumilie kidogo.

Mimi nimezaliwa Tumbe, kaskazini ya Pemba. Nyuma ya jiko letu palikuwa na pipa la mbao, na pipa lile ndilo lililotusomesha. Mama alimpasua papa, akamchanja chanjo ndefu mpaka karibu na ngozi, kisha akashindilia chumvi ndani ya kila chanjo kwa kidole gumba. Kidole kile kilikuwa na sugu nyeupe isiyotoka hata siku ya Idi. Samaki walilala pipani siku kadhaa, wakatoka kwenda uchagani juani. Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, masika yalikuja mapema, na pipa zima likageuka jekundu. Majirani wakasema ni jicho. Mama akafukiza ubani kuzunguka pipa, akawafukia samaki shimoni. Chumvi alikuwa ameichukua kwa mali kauli, bado hajailipa, kwa hiyo aliikung'uta ile iliyobaki juu ya samaki wabovu, akaiweka kwenye kikapu, akaitumia kwa samaki waliofuata. Nao wakawa wekundu. Mwaka ule mama aliacha kabisa kazi ya ng'onda. Hakuna aliyemwambia kwamba maradhi yalikuwa ndani ya kile kikapu.

Nilikuja kuyaona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi wa baiolojia Dar es Salaam. Nilirudi kutoka likizo na kipande cha ng'onda mwekundu nimekifunga kwenye gazeti. Nikakwangua wekundu, nikauchanganya na maji ya chumvi kali, nikauweka chini ya hadubini. Vilikuwa vijiti vyembamba, vingi ajabu, vingine vinajisogeza taratibu. Fundi wa maabara akaniambia nidondoshe tone la maji ya bomba pembeni ya kioo. Maji yalipowafikia, vijiti vilivimba, vikawa duara, halafu kimoja kimoja vikatoweka, kama povu la sabuni linavyopasuka. Maji tunayokunywa ndiyo yaliyowaua.

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Chumvi huzuia vijidudu vingi vinavyoozesha samaki, kwa kuwanyima maji. Lakini wapo ambao bila chumvi hawaishi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Hawa wa ng'onda, na maarufu wao ni *Halobacterium salinarum*, hustawi kwenye gramu 200 hadi 250 kwa lita, mahali ambapo bakteria wa kawaida hunyauka. Wao wamejaza ndani ya miili yao chumvi ya potasiamu, nyingi kulingana na chumvi iliyo nje, ndiyo maana hawanyonywi maji. Na protini zao zimeumbwa kusimama ndani ya chumvi tu. Ukiiondoa zinaporomoka, na maji yanaingia kwa nguvu yanawapasua. Jina linasema bakteria, lakini bakteria hasa siyo: ni arkea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977 kuwa tawi la peke yake la viumbe. Wekundu ni rangi yao ya kujikinga na jua.

Wanafikaje kwenye gunia lako? Ndani ya chumvi. Chumvi yetu ya pwani hukaushwa kwa jua mashambani, na wao huishi humo humo, wakanaswa ndani ya punje. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 wafanyabiashara wa Gloucester, Massachusetts, nchini Marekani, walikuwa wanapoteza samaki wa chumvi kwa wekundu huu huu. Wakamwita mtaalamu wa mimea wa Harvard, William Farlow. Aliukuta wekundu kwenye kuta na meza za maghala, na akaukuta kwenye chumvi iliyotoka Cádiz, Hispania, kabla haijagusa samaki hata mmoja.

Kwa hiyo ukiongeza chumvi hauwafukuzi. Wanachohitaji ni unyevu na joto, na masika huwapa vyote. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani. Umeona mwenyewe kopo la chumvi jikoni linavyotota miezi ya mvua. Samaki aliyekuwa mkavu Februari anakuwa na utando wa maji ya chumvi Aprili, hata kama hujamwagia tone. Juu ya gunia kuna bati, chini ya bati ni joto, na joto la digrii 40 kwao ndiyo raha yenyewe.

Sasa fanya hivi. Chumvi iliyotumika usiirudie, hata kama roho inauma. Laiti ningeweza kumwambia mama hilo. Mapipa, visu na mbao za kuanikia zisugue kwa brashi na maji baridi, yaani maji matamu ya bomba au ya mvua, si maji ya bahari, kisha zianike juani zikauke kabisa. Nasema zisugue kwa sababu wako ndugu zao, *Halococcus*, wenye ganda gumu lisilopasuka kwa maji matupu. Chumvi mpya mimi huikaanga kwenye sufuria kavu kabla ya kuitumia. Kwa biashara yako huenda kuni zikakushinda, basi angalau inunue kiangazi uiweke mahali pakavu muda mrefu, idadi yao hupungua. Samaki wakauke mpaka ubavu usibonyee. Usiwafunge kwenye nailoni wakiwa bado na unyevu, wainue juu ya mbao, hewa ipite chini. Ukiwa na jokofu la kuweka mzigo mdogo, baridi huwasimamisha kabisa.

Na ndimu? Ndimu itaondoa rangi, haitarudisha nyama. Wadudu hawa hula protini ya samaki: baka linapoteleza, nyama chini yake imeshaanza kumeng'enywa, na harufu utaisikia ukimvunja. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, kuhusu samaki wa chumvi wa jamii ya Gadidae huhesabu wekundu wowote unaoonekana kuwa kasoro. Kama ni doa dogo, nyama ngumu, harufu haijabadilika, likwangue, mwoshe kwa maji baridi, mle nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyeteleza mtupe.

Kuna jingine hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani saa kadhaa kabla ya kutiwa chumvi, hujengeka ndani yao kemikali iitwayo histamini. Haina rangi, mara nyingi haina harufu, na moto haiiondoi. Mtu hula, muda mfupi baadaye uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, wengine huharisha. Watu husema fulani ana mzio wa samaki, kumbe samaki alicheleweshwa. Na wapo vijidudu vinavyovumilia chumvi kali vinavyoendelea kuitengeneza hata ndani ya pipa. Ukinunua nguru pwani, mnunue akiwa kwenye barafu, au mtie chumvi pale pale boti ilipofunga. Hilo ndilo ningekuomba ulishike kuliko wekundu.

Salamu mwalimu. Nafanya kibarua mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Maji yakikaribia kuwa chumvi hugeuka mekundu kama juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi. Wazee husema maji yameiva. Ni uchafu huu? Na miguu yetu inapasuka. — Kibarua, Gongoni

Wazee wako wamesema sawasawa. Wanaoivisha ni viumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni mwani wa seli moja, *Dunaliella salina*, unaojaza mwili wake beta-karotini, ile ile ya karoti, ukawa na rangi ya chungwa. Ili asinyauke kwenye chumvi, mwani huyu hutengeneza glisirini, hiyo hiyo inayouzwa dukani ya kupaka mikono, na inayovuja inakuwa chakula cha wenziwe, arkea niliowaeleza hapo juu. Wekundu wao hunywa mwanga wa jua, maji yanapata joto zaidi, yanakauka upesi. Tajiri wako anasaidiwa na vibarua asiowalipa.

Miongoni mwa hao yuko mmoja ninayempenda kuliko wote. Mwaka 1980 Anthony Walsby alieleza kiumbe alichokiona kwenye maji ya chumvi ya Sinai, Misri: ni mraba. Mraba kamili, bapa, kama stempu ya barua, na ndani ana vifuko vya hewa. Ilichukua mpaka 2004 ndipo watu wakaweza kumfuga maabara, na akaitwa *Haloquadratum walsbyi*. Yumo kwenye mashamba ya chumvi sehemu nyingi za dunia. Wengine wa ukoo huo wana protini ya zambarau inayotumia mwanga wa jua kuwapa nguvu bila kuwa na ukijani wa majani. Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius waliitangaza mwaka 1971.

Miguu, mwanangu, haipasuliwi na wekundu. Inapasuliwa na chumvi yenyewe, inayonyonya maji ya ngozi mchana kutwa. Dai viatu vya mpira vinavyofika magotini, na ukitoka osha kwa maji baridi upake mafuta ya nazi wakati ngozi bado ina unyevu. Kidonda kilicho wazi kisiingie kwenye maji yale.

Bi Mwalimu, shikamoo kutoka Seoul. Nasoma huku. Wenyeji wangu hula jeotgal, uduvi na samaki waliokaa ndani ya chumvi miezi mingi, na huutia ule uduvi kwenye kimchi, kabichi yao ya kuchachusha. Harufu yake ilinikumbusha duka la papa Darajani, nikalia. Nimesoma kwamba chakula hiki kina vijidudu vya kipekee. Naweza kula kila siku? — Mwanafunzi, Seoul

Marahaba. Pole kwa machozi, nayajua, na pua haisahau kwao.

Uduvi ule, wanaouita saeu-jeot, hutiwa chumvi inayofika robo ya uzito wake au zaidi. Kazi kubwa ya kuuivisha hufanywa na vimeng'enya vya uduvi wenyewe, vikisaidiwa na bakteria wavumilia chumvi. Mmoja wao, *Tetragenococcus halophilus*, yumo pia kwenye mapipa ya sosi ya soya ya Japani na kwenye nam pla, mchuzi wa dagaa wa Thailand unaokaa mwaka au mwaka na nusu. Na arkea wekundu wamo. Mwaka 2007 watafiti wa Korea walieleza aina mpya kutoka kwenye uduvi wa chumvi wakaziita kwa jina la chakula chenyewe: *Halalkalicoccus jeotgali*, na *Natronococcus jeotgali*.

Jina hili la pili lisome tena. Ukoo wa *Natronococcus* ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na mwanachama wake wa kwanza alitoka Ziwa Magadi, Kenya, kwenye magadi yale yale tunayotia kwenye kisamvu kilainike. Maji yale yana chumvi na ukali wa sabuni kwa pamoja, mtu huwezi kutia mkono ukakaa. Na jamaa yake amekutwa kwenye bakuli la uduvi huko uliko. Mimi hili lilinifurahisha wiki nzima.

Wanaingia pia kwa mlaji. Mwaka 2020 watafiti wa Korea walichapisha matokeo kwamba vinasaba vya arkea wapenda chumvi vimeonekana kwenye kinyesi cha Wakorea wengi. Hakuna ugonjwa unaojulikana kuletwa nao. Anayeniogopesha kwenye bakuli lako ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Gramu 20 za saeu-jeot, vijiko vidogo vichache tu, zinakaribia kuimaliza yote. Mimi mwenyewe nina shinikizo la damu na ng'onda nimepunguza mpaka mara moja kwa mwezi, tena nikiwa nimemloweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili. Wewe kula kama kiungo, usile kama kitoweo.

Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Achari yangu ya ndimu imetanda utando mweupe juu. Niimwage? — Mama wa Kibokoni, Mombasa

Kama utando ni mweupe, laini, na harufu ni ya uchachu mzuri, ni hamira za mwitu zinazopenda hewa. Utoe kwa kijiko kikavu, zamisha ndimu zote chini ya maji yake, funga. Ukiona manyoya, au kijani, au weusi, mwaga. Hawa, kwa taarifa, si wapenda chumvi, wanaivumilia tu. Bakteria wanaoipa achari uchachu wake nao wanaivumilia vivyo hivyo, na ukizidisha chumvi kupita kiasi utawanyamazisha, ukabaki na ndimu za chumvi zisizochacha.

Bibi, mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Mtwara. Mwalimu amesema chumvi ni kama jiwe. Baba, ambaye husoma safu yako, amesema uliandika zamani kwamba kuna vitu hai ndani ya chumvi. Kitu hai kinawezaje kukaa ndani ya jiwe, na kinakaa muda gani?

Mjukuu wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote ya mwezi huu.

Chumvi inapojijenga, hukua tabaka juu ya tabaka, na inakua haraka kuliko inavyoweza kuyasukuma maji pembeni. Kwa hiyo matone madogo sana ya maji ya chumvi hubaki yamefungiwa ndani, kila tone kwenye chumba chake cha mraba. Waliokuwa wanaogelea kwenye tone hilo hufungiwa nalo. Hawamo ndani ya jiwe hasa. Wamo ndani ya bwawa dogo lililo ndani ya jiwe.

Muda gani? Kule Death Valley, California, zamani palikuwa na ziwa la chumvi. Wanasayansi walichimba wakatoa chumvi ya chini ardhini, wakaisafisha nje kwa uangalifu mkubwa, wakaiyeyusha, wakasubiri. Kutoka kwenye chumvi yenye umri wa miaka 22,000 hadi 34,000, wachache walianza kukua tena. Walipochungulia vile vyumba kwa hadubini, waliwakuta wamejikunja wakawa viduara vidogo kuliko kawaida yao. Na katika vyumba hivyo hivyo zilikuwamo seli za *Dunaliella*, yule mwani wa glisirini niliyemwambia kaka yako wa Gongoni. Wanasayansi wanaona kwamba kilichokuwa kikivuja kutoka kwenye mwani ndicho kilichowalisha muda wote huo.

Jioni muombe baba akununulie chumvi ya mawe, ile ya punje kubwa, siyo ya pakiti iliyosagwa. Chagua punje iliyo na pembe nzuri, ishike dhidi ya mwanga wa dirisha, uitazame kwa lenzi. Pembe zake zitakuwa angavu kama kioo, na katikati utaona ukungu mweupe umejipanga kwa mistari ya mraba. Ukungu ule ndio vyumba vyenyewe, maelfu. Nichoree ulichokiona, na umuulize muuzaji chumvi ile ilitoka shamba gani, uniandikie.